Mafuta ya mwili hutokea puani: mwili unapunguaje uzito?

Mtu akipungua kilo kumi, hizo kilo zimekwenda wapi? Uliza watu watatu pale Mwanga sokoni, hapa Kigoma, utapata majibu matatu: yametoka kwa jasho, yametoka chooni, au yamegeuka nguvu. Majibu yote yana kasoro, na nayasema haya kwa uchungu kwa sababu mawili ya kwanza yana bidhaa zake zinazouzwa. Anayeamini jasho huuziwa mkanda na nailoni ya kufunga tumbo. Anayeamini choo huuziwa majani ya kuharisha. Jibu la tatu limekaribia kweli, ila nguvu haina kilo. Kilo ni vitu, na vitu lazima viende mahali.

Washa koroboi usiku. Asubuhi mafuta ya taa yamepungua na hakuna yaliyomwagika, kwa sababu yameungana na oksijeni yakawa hewa na mvuke. Mafuta ya mwilini nayo ni kaboni, haidrojeni na oksijeni kidogo, na mwili huyaunguza vivyo hivyo, polepole na bila moto. Mwaka 2014 watafiti Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu hiyo kwa kilo. Ili kilo 10 za mafuta ziungue zote, mwili unavuta kilo 29 za oksijeni. Kinachotoka ni kilo 28 za hewa ya ukaa na kilo 11 za maji. Katika zile kilo 10 zenyewe, 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya ukaa, na 1.6 hugeuka maji yanayotoka kwa mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Kiungo kikuu cha kutoa mafuta, basi, ni mapafu.

Usianze sasa kuhema kwa nguvu ukidhani utakonda. Pumzi hubeba hewa ya ukaa iliyokwisha kutengenezwa tu. Ukihema haraka ukiwa umekaa utapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, na mafuta yatabaki palepale. Kinachoamua ni kazi inayofanyika ndani ya seli.

Kazi hiyo huenda hivi. Ukishakula, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hupanda, na seli za mafuta hupokea na kufunga ghala. Saa kadhaa baadaye insulini ikishuka, au misuli ikifanya kazi na adrenalini, homoni ya kuamsha mwili, ikapanda, vimeng'enya hupasua kila molekuli ya mafuta kuwa asidi tatu za mafuta na gliseroli moja. Asidi hizo hubebwa kwenye damu na protini iitwayo albumini hadi kwenye misuli, moyo na ini, zikaingia katika mitokondria, yaani tanuri ndogo za ndani ya seli, na kukatwakatwa hadi zibaki hewa ya ukaa, maji na nguvu. Gliseroli huenda kwenye ini, ambako inaweza kugeuzwa sukari. Seli iliyotoa mafuta haifi, inasinyaa tu kama gunia lililopunguzwa unga, na gunia hilo liko tayari kujazwa tena. Tena mwili ndio unaochagua ghala la kufungua. Mazoezi ya tumbo hukaza misuli ya tumbo, lakini hayayaamuru mafuta ya tumboni yatoke kwanza.

Hapo ndipo wiki ya kwanza inapowadanganya watu. Mwili una akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, kama nusu kilo kwa mtu mzima, nyingi ikiwa kwenye misuli na iliyobaki kwenye ini. Kila gramu yake hushika gramu tatu hivi za maji. Mtu akiacha ugali ghafla, akiba hiyo hupungua na maji yake huondoka nayo, mizani ikashuka hata kilo mbili ndani ya siku chache. Anashangilia. Siku akila ugali wa muhogo akashiba, kilo hizo hurudi, naye anakata tamaa akisema mwili wake umelaaniwa. Mafuta hayakuguswa sana, si wakati wa kushuka wala wa kupanda. Samaki wa chumvi jioni huvuta maji pia, na wanawake wengi huongezeka kilo moja au zaidi siku za kukaribia hedhi.

Kwa hiyo pima kwa utaratibu. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu ya saruji, isiwe kwenye mkeka wala zulia. Pima asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi ileile. Andika kila siku, jumlisha siku saba, gawa kwa saba, kisha linganisha wiki na wiki. Usiyaamini mafanikio wala maanguko ya siku moja. Usiye na mizani, tumia futi kamba ya fundi cherehani: tafuta ukingo wa chini wa ubavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake, baada ya kutoa pumzi kawaida, bila kubana tumbo. Kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, au cha mwanaume 94, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda.

Sasa tuingie jikoni, maana kwa huku Kigoma naona mambo mengi huamuliwa kwenye mawese. Gramu moja ya mafuta yoyote ina kilokalori 9 (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula), ilhali wanga na protini zina 4. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, mililita 15, ni kilokalori 120 hivi. Chukua upawa unaopikia, ujaze maji, uyahamishe kwa kijiko huku ukihesabu. Upawa ukiingia vijiko vinne, basi kila upawa wa mawese ni kilokalori 480. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa mwendo wa kawaida huunguza kama 200 kwa saa juu ya zile ambazo angeunguza akiwa amekaa. Upawa mmoja ni zaidi ya saa mbili za kutembea! Na mafuta huelea: anayechovya tonge juu ya mchuzi anakula mafuta ya sufuria nzima, si fungu lake.

Sisemi muache mawese. Wekundu wake ni chanzo kizuri cha vitamini A, na kuyachemsha hadi yawe meupe kunaiharibu. Ninachoshauri ni kuyapima: kijiko kimoja kwa kila mlaji, kiingie kwenye sufuria kwa kijiko, si kwa kumimina kutoka kwenye dumu. Chai nayo ihesabuni. Vijiko vinne vya chai vya sukari ni kilokalori 60 na zaidi kwa kikombe kimoja. Asali ya Tabora ni tamu na ni nzuri, lakini ni sukari. Kijiko cha chakula kina kama kilokalori 60. Kuinywa na limau katika maji ya moto kila asubuhi ni kuongeza kalori. Limau haliyeyushi chochote.

Hesabu ya mtu mmoja ni hii. Kwa mwanamke: zidisha kilo kwa 10, ongeza sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Mwenye kilo 82, sentimita 160 na miaka 40 anapata 1,459. Hizo ndizo kilokalori za kuendesha mwili akiwa amelala tu. Kwa kazi nyepesi zidisha kwa 1.4, anafika kama 2,040 kwa siku. Akipunguza 500, anakula 1,540. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama kilokalori 7,700, hivyo atarajie chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Mwanaume hutumia hesabu hiyohiyo, ila mwishoni badala ya kutoa 161 anaongeza 5. Kushuka chini ya 1,200 bila usimamizi wa mtaalamu sikubaliani nako.

Kula kidogo peke yake huunguza misuli pamoja na mafuta. Dawa yake ni protini na kazi nzito. Lenga gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito unaoutaka. Anayelenga kilo 70 anahitaji 84. Unga wa muhogo karibu hauna protini, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na mboga. Hapa Kigoma tuna bahati: dagaa wakavu wa ziwani zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hivyo gramu 50 zinakupa karibu 30. Ongeza kipande cha samaki aina ya mgebuka, mayai mawili na kikombe cha maharage yaliyoiva, umekaribia. Wakaange dagaa kwa kijiko kimoja cha mafuta na nyanya nyingi, wasiogelee. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake. Kwa kazi nzito, kuchuchumaa na kuinuka, pushapu na kunyanyua ndoo ya maji, siku tatu kwa wiki, hadi misuli ichoke, kunatosha kuanzia.

Baada ya miezi michache mizani itagoma. Mwili mwepesi unahitaji kidogo: yule mama akifika kilo 72, hesabu ya kulala imeshuka kwa 100, na mwili hubana zaidi ya hapo kwa kupunguza joto na hata miondoko midogo ya siku ambayo mtu haitambui. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, mtafiti Ancel Keys aliwalisha wanaume 36 chakula pungufu kwa wiki 24. Walipungua takriban robo ya uzito, wakawa wanaona baridi, wanyonge, na mawazo yao yote yakawa chakula. Basi mgomo ukija, usijibane zaidi. Rudia kwanza kupima mafuta na sukari, kwa sababu mkono huzoea na kijiko huanza kujaa. Kisha kaa wiki mbili au tatu ukila kiasi cha kubaki ulipo, halafu uendelee.

Kasi nayo ina gharama. Wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki hupata mawe kwenye mfuko wa nyongo kwa urahisi zaidi. Dawa za kuharisha hupunguza maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo hupiga ovyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi asipunguze chakula wala kufunga Ramadhani kabla dozi yake haijapangwa upya, kwani sukari inaweza kuanguka akazimia. Mjamzito asijaribu kabisa kupungua, na anayenyonyesha asijibane njaa.

Na kuna kupungua ambako hakupaswi kupongezwa. Mtu akipoteza sehemu 5 kwa 100 ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye 60, aende kituo cha afya. Akiwa na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari siku hiyohiyo: insulini ikikosekana, seli zinakaa na njaa huku damu imejaa sukari, na mwili unaunguza mafuta na misuli yake wenyewe. Akikohoa wiki mbili au zaidi, akitokwa jasho usiku au homa za jioni, atoe makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo hicho na dawa zake havilipiwi.