Hatuzeeki ili kuwapisha vijana

Dhana: Maumbile yamepanga wazee wachakae ili vijana wapate nafasi.

Kila nikianza kueleza chanzo cha uzee, kuna mgonjwa atakayenikatiza kwa hekima hii, na walio karibu watatikisa vichwa kukubali. Inapendeza masikioni, lakini haisimami. Hata August Weismann, mwanabiolojia mkubwa wa karne ya 19, aliwahi kuishabikia.

Chukua kundi ambalo kila mmoja hudhoofika mapema kwa faida ya spishi. Akizaliwa mmoja asiyedhoofika, akaendelea kuzaa, baada ya vizazi kadhaa kundi zima ni uzao wake. Waungwana waliopisha wametoweka, na jeni zao (maelekezo ya mwili yanayorithiwa) pia. Tena porini wengi huliwa au hufa njaa kabla ya kuzeeka. Mpango wa kuwaondoa wazee ambao hawapo ungetokea wapi?

Mwanabiolojia Peter Medawar alilijibu hili miaka ya 1950: makali ya uteuzi asilia, yaani jinsi maumbile yanavyochuja jeni kwa kuwapa nafasi wanaozaa zaidi, hupungua kadiri umri unavyosogea. Jeni inayoua mtoto hufa naye. Inayodhuru uzeeni imeshapita kwa watoto na wajukuu. Mwaka 1957 mwanabiolojia mwenzake George Williams akaongeza kwamba jeni nyingine humfaa kijana na kumgharimu mzee, na uteuzi huzipokea kwa mikono miwili.

Ushahidi upo. Mtafiti Steven Austad alilinganisha oposumu (mnyama mdogo anayebeba watoto mfukoni) wa kisiwa cha Sapelo, Marekani, kusiko na mamalia wa kuwawinda, na wenzao wa bara. Wa kisiwani walizeeka polepole zaidi: pasipo wa kuwala mapema, uteuzi hupata muda wa kuchuja hata jeni zinazodhuru baadaye.

Dhana: Vidonge vya antioksidanti (kemikali zinazosemekana kulinda seli zisiharibike) hurudisha ujana.

Havirudishi. Katika utafiti wa Finland uliotangazwa 1994, wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti hizo, walipata saratani ya mapafu zaidi. Hela hiyo nunua viatu vya kutembelea, uvivae.

Dhana: Zamani mtu wa miaka 35 alikuwa mzee.

Vifo vya watoto ndivyo vilivyoshusha wastani wa umri wa kuishi; waliovuka utoto wengi walifika mbali. Basi.

Dhana: Kasi ya kuzeeka haibadiliki.

Panya wa maabara huishi miaka 3 hivi. Fuko asiye na manyoya, mdogo vilevile, hupita 30. Mwaka 2009 dawa iitwayo rapamisini ilirefusha maisha ya panya waliokwisha kuzeeka. Hao ni panya, jamani. Msije kuniomba niwaandikie: dawa hiyo hushusha kinga, na ndiyo maana hupewa waliopandikizwa figo.