Je, wajua? Picha ikishapostiwa mtandaoni bado ina mwenyewe

Chini ya picha nyingi kwenye blogu na peji za habari za huku kwetu utakuta imeandikwa "Picha kwa hisani ya mtandao", wengine wanaandika "Picha: Google" na wanaendelea na habari yao. Aliyeandika hivyo mara nyingi hana nia mbaya, anaona ameshatoa shukrani na mambo yameisha, kumbe kuna mtu alisimama juani na kamera yake akasubiri mpaka ile picha ikatokea, na jina lake ndo pekee halipo pale. Sasa swali linakuja: kitu kikishawekwa mtandaoni kila mtu aone, si maana yake kila mtu akitumie?

Hapana, na sababu yake ni ya zamani kuliko intaneti yenyewe. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ulisainiwa Uswisi mwaka 1886, afu ukafanyiwa marekebisho Berlin mwaka 1908, na hapo ndo ikaingia kanuni kwamba hakimiliki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Huhitaji kusajili wala kuweka alama yoyote. Kenya iliingia kwenye mkataba huo 1993, Tanzania 1994, na sheria zetu (ya Tanzania ya 1999, ya Kenya ya 2001) zinafuata njia hiyohiyo. Ukienda kusajili kazi yako COSOTA au KECOBO (ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya) unajipatia ushahidi wa kukusaidia siku ya ugomvi, ila haki yenyewe ulikuwa nayo tangu umebonyeza kitufe cha kamera. Picha ya daladala uliyopiga leo asubuhi kwa simu yenye kioo kilichopasuka tayari ina mwenye hakimiliki, na ni wewe.

Ile imani kwamba kisicho na alama ya © ni cha wote haikuokotwa hewani lakini. Marekani kwa miaka mingi ilikuwa hivyo kweli, ukichapisha kazi bila tamko la hakimiliki unaipoteza. Mfano wake mkubwa ni filamu ya Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Filamu ilikuwa na jina lingine mwanzoni, msambazaji akalibadilisha, na tamko la hakimiliki lilikuwa kwenye picha ya jina la zamani, walipoweka jina jipya hakuna aliyekumbuka kulirudisha, basi filamu ikawa mali ya umma na mpaka leo yeyote anaweza kuinakili na kuiuza. Filamu nzima imewatoka kwa sababu ya mstari mmoja! Marekani ilijiunga na Berne tarehe 1 Machi 1989 na toka siku hiyo kazi mpya hazihitaji alama, lakini wazo la zamani bado linatembea, na limefika mpaka kwa watu ambao nchi zao hazikuwa na sheria hiyo.

Imani ya pili ina nguvu zaidi, nataka nikae nayo kidogo. Watu wanasema: sawa, picha ni yake, lakini si kaiposti mwenyewe na akaunti iko wazi, kwa hiyo kakubali itumike. Hoja hii ilishafikishwa mahakamani tena na kampuni kubwa. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipiga Haiti, na mpiga picha Daniel Morel, mzaliwa wa hukohuko, alikuwa Port-au-Prince. Akapiga, mojawapo ni ya mwanamke ndani ya kifusi, mwili wote vumbi, akapandisha picha zake TwitPic, tovuti ya kuwekea picha za kushea Twitter, na kuzitangaza Twitter. Mtu mwingine akazichukua akaziweka kwenye akaunti yake kama vile kazipiga yeye, shirika la habari la AFP likazichukua kutoka kwa huyo wa pili, Getty, kampuni ya kuuza picha, ikazisambaza, na zikatoka kwenye magazeti duniani kwa jina ambalo siyo la aliyepiga. Morel alipolalamika AFP ndo ikatangulia kwenda mahakamani New York, ikisema masharti ya Twitter yanaruhusu watu wengine kutumia kinachopostiwa pale.

Januari 2013 jaji Alison Nathan akaikataa hoja hiyo. Unapofungua akaunti unabonyeza "nakubali", na kwenye yale masharti marefu ambayo karibu hakuna anayeyasoma, unaupa mtandao ule leseni ya kuonyesha picha yako, kuihifadhi, kuwawezesha wengine waishee humohumo. Ni kama umempelekea fundi cherehani kitenge chako. Umemruhusu akipime, akikate, hata akishamaliza akiweke mlangoni wateja wake waone kazi yake, na kila anayepita atalitazama lile gauni bila kulipa chochote, ila anayepita hawezi kulitungua akaondoka nalo kwa maelezo kwamba lilikuwa limetundikwa mlangoni na fundi aliruhusiwa kulishika. Ruhusa ya fundi ni ya fundi. Hata fundi mwenyewe hawezi kuliuza. Kubonyeza kitufe cha kushea humohumo ndani kumo kwenye masharti, kuichukua picha ukaipeleka gazetini kwako hakumo. Novemba mwaka huohuo baraza la mahakama (jury, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi) likasema AFP na Getty walikiuka kwa kujua, wamlipe Morel dola milioni 1.2, yaani dola 150,000 kwa kila picha kwa picha 8.

Hii ni hukumu ya Marekani, haimfungi hakimu wa Kisutu kule Dar es Salaam wala wa Milimani kule Nairobi, na kuna kona ambazo majaji wenyewe hawajapatana. Mfano ukiiweka posti ya mtu kwenye tovuti yako kwa ule msimbo (code) wa "embed", picha ikabaki kwenye seva ya mtandao ule: mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao California mwaka 2007 iliona hujanakili kitu, jaji wa New York mwaka 2018 akaona kinyume.

Na siyo kwamba kila kitu kimefungwa. Habari yenyewe haina mwenyewe, tetemeko limetokea saa ngapi na wapi unaandika bila kuomba ruhusa, kinacholindwa ni namna mtu alivyoisema au kuipiga. Kunukuu kidogo ili kukosoa kunaruhusiwa ukitaja mwenyewe. Kwa sheria za Kenya na Tanzania maandishi yanalindwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, baada ya hapo ni ya wote. Picha za NASA karibu zote ziko huru kwa sababu kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki kule, na mimi naona nchi zetu zingeiga hilo, picha na ramani zilizolipiwa kwa kodi za wananchi hazina sababu ya kufungiwa.

Ila kazi ya mtu binafsi aamue mwenyewe. Wako wengi wanaoamua kugawa, na toka Desemba 2002 wana leseni za Creative Commons za kusema hivyo waziwazi. Wikipedia nzima, pamoja na ya Kiswahili, maandishi yake yako chini ya leseni ya aina hiyo, CC BY-SA: chukua, badilisha, hata uza, ila mtaje aliyetengeneza na ulichotengeneza kutokana nacho kiachie kwa masharti hayohayo. Kwenye leseni hizo ukiona herufi NC usiitumie kibiashara, ukiona ND usiibadilishe, na kukata picha ukaacha kipande kunaweza kuhesabika ni kubadilisha.

Kwa hiyo ukihitaji picha ya soko la Kariakoo kesho asubuhi, anza Wikimedia Commons, ghala la picha za kutumika bure mtandaoni, fungua ukurasa wa picha, na chini yake andika jina la mpiga picha, leseni yake na linki. Ukiikosa huko ukaipata kwenye akaunti ya mtu, mtumie meseji, mwambie unataka ipi na utaiweka wapi, na akijibu sawa litunze jibu lake pamoja na picha.