Ngazi za Sarah Winchester hazikujengewa mizimu

Kila nikitaja jumba la Winchester la San Jose, California, swali la kwanza ninaloulizwa ni la mizimu. Mimi ni msanifu majengo, na nyumba za kale za mbao ndizo ninazozipenda kuliko zote. Naomba leo tulitazame jumba hili kwa jicho la fundi.

Sarah Lockwood Pardee alizaliwa New Haven, Connecticut, kwa baba aliyekuwa fundi wa mbao. Mwaka 1862 aliolewa na William Wirt Winchester, mtoto wa mwenye kiwanda cha bunduki. Walipata binti mmoja, Annie, mwaka 1866, akafa kabla hajatimiza miezi miwili. Desemba 1880 alifariki baba mkwe; Machi 1881 kifua kikuu kikamchukua mume. Sarah akabaki na hisa za kampuni ambayo silaha zake zilifika hadi kwetu: Theodore Roosevelt alipoteremka Mombasa mwaka 1909 kwenda kuwinda simba, alikuwa na bunduki za Winchester.

Mjane huyo akahamia California, na mwaka 1886 akanunua nyumba ya shamba yenye vyumba 8. Leo ina vyumba 160 hivi. Inasimuliwa kwamba mpiga ramli wa Boston alimwambia ajenge bila kukoma, la sivyo roho za waliouawa kwa bunduki hizo zingemwandama. Ati nyundo haikunyamaza miaka 38! Barua zake zinasema vingine: kuna nyakati aliwaachisha mafundi kazi kwa miezi ili naye apumzike.

Tuanze na ngazi inayowashangaza wengi, ile inayopinda na kurudi mara kadhaa kwa vidato vya sentimita 5 tu. Sarah aliumwa baridi yabisi. Mtu ambaye goti halikunjiki hawezi kupanda kidato cha kawaida, na ukipunguza kimo cha kidato ni lazima uongeze idadi yake, kisha uikunje ngazi ili ienee mahali pake. Hiyo ni hesabu, na aliipatia vizuri sana.

Madirisha yanayotazama chumba kingine nayo yana maelezo. Aliwaacha wasanifu na kuchora mwenyewe, akiongeza chumba ubavuni mwa chumba. Ukuta uliokuwa wa nje ukageuka wa ndani, dirisha likabaki palepale. Ramani ya namna hiyo mimi nisingeipitisha, lakini naielewa.

Kisha likaja tetemeko la tarehe 18 Aprili 1906. Jumba lilikuwa limefika ghorofa saba. Mnara ukaanguka, na leo zimebaki nne. Sarah aliondoa vifusi, akafunga sehemu za mbele, wala hakujenga upya kilichobomoka. Nyumba iliyokatwa kichwa lazima iwe na mlango unaofungukia hewani na ngazi inayoishia kwenye dari. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuiamini habari ya mizimu.

Alifariki Septemba 1922. Mwaka uliofuata jumba likakodishwa kwa mtu wa biashara ya burudani, milango ikafunguliwa kwa watalii, na hadithi ya kutisha ndiyo iliyouza tiketi. Inaniuma, kwa sababu ilimfunika mwanamke aliyekuwa na kipaji, na aliyetoa fedha nyingi Connecticut kujenga kituo cha kutibu kifua kikuu kwa jina la mumewe.

Ukijaliwa kufika huko, usiishie kwenye mlango wa hewani. Ulizia chumba cha mimea. Mbao za sakafu yake zinainuliwa, chini yake kuna zinki, na maji yanayozidi wakati wa kumwagilia hukusanywa yakapelekwa kwa bomba hadi bustani ya nje.