Daktari wa mtoto wako anaanzia zahanati: maelezo kwa wazazi wa Mtwara na Lindi

Tangu mvua zianze, malalamiko ya aina moja yamekuwa yakitufikia sisi wahudumu wa afya kwa kila njia: kwenye sanduku la maoni, kwa simu, hata kwenye vikao vya kamati za usimamizi wa vituo. "Mtoto wangu kaonwa na tabibu tu, daktari wa watoto hakuwepo." Wengine wamefunga safari kutoka Tandahimba au Nanyumbu hadi hospitali ya rufaa mjini Mtwara na mtoto mwenye mafua ya siku mbili. Na wapo, hasa fedha za korosho zikishaingia, wanaopanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam na mtoto mwenye homa, wakiviacha njiani vituo vyote vilivyopo kati ya kijiji chao na Mbagala. Hao ndio wanaotutia hofu zaidi. Mtoto mwenye malaria kali hana mchana mzima wa kukaa kwenye basi.

Tunajua hakuna mzazi anayefanya hivyo kwa kukosa mapenzi. Lakini dhana kwamba mtoto akiugua ni lazima aonwe na bingwa, na kwamba asiye bingwa "anabahatisha", si sahihi na imeshawachelewesha watoto wengi kupata dawa ambayo ilikuwepo zahanati ya kijijini kwao.

Tabibu amesomea stashahada kwa miaka 3, na sehemu kubwa ya kazi yake ya kila siku ni watoto wa chini ya miaka 5. Daktari amesoma shahada miaka 5 na kufanya mafunzo kwa vitendo mwaka 1. Daktari bingwa wa watoto ni huyo daktari aliyeongeza miaka 3 ya kusomea watoto peke yao. Malaria isiyo kali, nimonia ya kawaida, kuharisha, minyoo na magonjwa ya ngozi hutibiwa na yeyote kati yao kwa mwongozo uleule wa taifa na kwa dawa zilezile. Bingwa hana ALu, dawa mseto ya malaria, ya peke yake.

Ukitaka kujua anayekuhudumia ni nani, muulize. Si utovu wa adabu. Kila daktari anayefanya kazi Tanzania Bara anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na awe na leseni hai. Hivi ni vitu viwili, na wananchi wengi wanavichanganya. Usajili unathibitisha kwamba amefuzu na jina lake limeingia kwenye daftari. Leseni inathibitisha kwamba ameruhusiwa kuendelea kufanya kazi kwa kipindi husika, na anapaswa kuihuisha. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa na leseni yake ikawa imekwisha muda. Kwa kituo binafsi, angalia pia cheti cha usajili wa kituo chenyewe, ambacho hubandikwa ukutani mahali panapoonekana, kwa kawaida mapokezi. Kisipoonekana, omba uonyeshwe. Ukijibiwa kwa ukali, hapo tayari umeshapata sehemu ya jibu.

Vyeti hata hivyo havitoshi. Mpime mhudumu kwa anavyomshika mtoto. Mtoto akiletwa anakohoa, kwa mfano, anayejua kazi yake atakuomba umtulize kwanza, umnyonyeshe ikibidi, kisha umfunue nguo hadi kifua na tumbo vionekane. Atatazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Atanyamaza, na wewe utadhani hafanyi kitu. Hapo ndipo anapoitafuta nimonia: kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari, kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi, kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, 40 au zaidi. Ataangalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Ikibonyea, mambo yamebadilika. Hata wewe nyumbani unaweza kuhesabu hivyo usiku kabla ya kuamua kama usubiri kuche au la.

Aliyeandika dawa tatu bila kumgusa mtoto, bila kuomba kadi ya kliniki na bila kujua mtoto ana kilo ngapi, hata akiwa bingwa, hajamtibu mwanao. Dozi za watoto hutolewa kwa uzito.

Sasa tuje kwenye homa, maana hapa kwetu homa ni neno lenye mambo mengi ndani yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 20 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 mkoani Mtwara wana vimelea vya malaria, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Kwa hiyo mzazi wa huku akifikiria malaria kwanza hakosei. Anakosea anapoitibu kabla ya kuipima. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, kipo zahanati na majibu yake hutoka ndani ya dakika chache. Ikionekana malaria isiyo kali, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa ALu kidonge 1 kwa kila dozi, dozi 6 kwa siku 3. Ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, zinazobaki asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa ya mama au chakula chenye mafuta kidogo, maana dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikiambatana na mafuta. Akiitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo.

Halafu linakuja suala la "malaria sugu". Tumelieleza mara nyingi na tutalieleza tena. Kipimo cha haraka hakitafuti kimelea kilicho hai. Kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dawa wiki iliyopita akipimwa leo kwa kipimo hicho, mstari unaweza kutokea, hata kama anacheza mpira. Kumwanzishia dozi nyingine kwa sababu ya mstari huo ni makosa. Akiwa bado ana homa baada ya kumaliza dozi, anahitaji damu yake isomwe kwa hadubini na atafutiwe chanzo kingine: nimonia, sikio, mkojo. Vilevile kipimo kikisema hakuna malaria, tafadhali usimlazimishe mhudumu aandike dawa ya malaria, wala usiende duka la dawa muhimu kuinunua kwa siri. Homa ina sababu, na hiyo sababu inabaki bila kutibiwa.

Degedege. Mama anafika, mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, na jambo la kwanza analosema ni: "Dokta, nimeambiwa asichomwe sindano, atakufa." Imani hii ina historia yake. Watoto wengi wenye degedege walipelekwa kwanza kwa mganga, wakafukizwa na kuoshwa kwa dawa, wakafika hospitali siku ya pili wakiwa mahututi. Walichomwa sindano, wakafariki muda mfupi baadaye. Aliyeshuhudia aliona sindano na akaona kifo. Siku mbili zilizopotea hakuzihesabu. Degedege linaloambatana na homa linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au uti wa mgongo, na sindano ndiyo inayookoa: atesuneti kwa malaria kali, antibayotiki kwa uti wa mgongo. Zahanati ikiwa mbali na hospitali, mhudumu anaweza kumwekea mtoto atesuneti kwa njia ya haja kubwa kisha akampa rufaa. Wakati degedege linaendelea, mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimmwagie mafuta ya taa, anza safari.

Suala la kuharisha nitalipitia kwa haraka kwa sababu wazazi wengi siku hizi wanajua maji ya ORS. Kinachosahaulika ni zinki: kidonge 1 cha miligramu 20 kwa siku, nusu kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 kadiri alivyoandikiwa, hata kama choo kimeshakuwa kigumu. Na meno hayaharishi. Mtoto anayeota meno anatia kila kitu mdomoni, na huko ndiko uchafu unakopitia. Kumkwangua fizi kwa kusema ana "meno ya plastiki", au kumkata kimeo kwa sababu anakohoa, kunasababisha kuvuja damu na maambukizi, na watoto wamekufa kwa hayo.

Mtoto mchanga ana kanuni zake. Aliye chini ya miezi 2 akipata homa, akiwa wa baridi isivyo kawaida, au akigoma kunyonya, hasubiri. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, jua la asubuhi si tiba yake. Huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, namba 115, hupigiwa bila malipo kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Bingwa basi anahitajika lini? Anahitajika kwa mtoto aliyezaliwa njiti, anayepata degedege bila homa, asiyeongezeka uzito kliniki baada ya kliniki, anayechoka na kutoka jasho akinyonya, aliyevimba uso na miguu, anayebanwa kifua mara kwa mara, au anayechelewa kukaa na kusema. Tena, kwa msisitizo, mtoto mwenye selimundu. Ugonjwa huu unaitwa majina mengi vijijini, na uchawi ni mojawapo. Huanza kujionyesha mtoto akiwa na miezi 6 hivi: mikono na miguu huvimba kwa maumivu, macho huwa ya manjano, damu hupungua tena na tena. Mtoto huupata pale baba na mama wote wawili wanapobeba nusu ya vinasaba vyake bila wao wenyewe kuugua. Kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa kati yao, na kina baba wanaowarudisha wake zao kwao kwa sababu hiyo wanamkosea mwanamke na mtoto pia. Kwa penisilini ya kila siku hadi miaka 5, foliki asidi, chanjo kamili, dawa ya haidroksiyurea kwa wanaoistahili na kliniki isiyokatizwa, watoto hawa wanakua na wanasoma.

Kumfikia bingwa kuna njia yake. Zahanati inakupa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kutoka hapo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara. Hospitali za Ndanda na Nyangao nazo hupokea rufaa. Barua ya rufaa iwe na jina, umri na uzito wa mtoto, dalili na siku zilizoanza, vipimo na majibu yake, dawa alizopewa pamoja na saa ya dozi ya mwisho, sababu ya rufaa, sahihi na muhuri. Isome kabla hujaondoka. Saa ya dozi ya mwisho husahauliwa sana, na tusipoijua tunalazimika kusubiri au kukisia. Kwa dharura, mtoto apokelewe kwanza. Barua haitangulii uhai.

Kuhusu malipo, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ukiambiwa ulipe, omba kumbukumbu namba ya malipo na risiti. Fedha ya mkononi isiyo na risiti ni suala la TAKUKURU, namba 113. Malalamiko ya huduma yaanzie kwa mganga mfawidhi wa kituo, yaende kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha wa Mkoa. Yanayohusu taaluma ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari kwa maandishi, na Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha au kufuta jina lake kwenye daftari. Andika tarehe, saa, kituo na kilichotokea. Malalamiko yasiyo na tarehe hatuwezi kuyafuatilia.

Wazazi nao wana wajibu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya matibabu, chanjo zikiwemo, na anayekiuka, kwa kifungu cha 14, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hatupendi kufika huko.

Ukija, njoo na kadi ya kliniki, pakiti za dawa zote alizotumia, na utuambie pia dawa za miti shamba na ulizonunua dukani. Hatuulizi ili tukugombeze mbele ya foleni. Ini na figo za mtoto wa kilo 8 ni ndogo, na tukijua kilichotangulia tunachagua dawa isiyogongana nacho.