Je, wajua kwa nini aliyefilisika Marekani huandamwa na wakopeshaji?

Ungedhani mtu akishafilisika mahakamani hakuna atakayethubutu kumkopesha tena. Marekani mambo ni kinyume. Majuma machache baada ya mahakama kumfutia madeni, sanduku lake la barua huanza kujaa: kampuni ya kadi za mkopo inamkaribisha, yadi ya magari inamwambia aje achukue gari hata kama rekodi yake ni mbaya. Wapo Waswahili wenzetu waishio huko wanaozipokea barua hizi kwa furaha, wakidhani wameanza kuaminiwa upya. Wanaozituma wamepiga hesabu nyingine kabisa.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye sheria. Njia inayotumiwa zaidi na watu binafsi huitwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi. Mdaiwa anafungua kesi na kuorodhesha mali na madeni yake yote. Msimamizi anateuliwa kuuza mali isiyolindwa na sheria, ingawa wengi hawana ya kuuzwa. Kwa kawaida, baada ya miezi kama 4 mahakama inafuta madeni ya kadi, ya hospitali na mengi mengine yasiyo na dhamana. Si yote, lakini. Matunzo ya watoto yako palepale, kodi za serikali za karibuni pia, na mikopo ya masomo ni shida kubwa kuifuta.

Sasa mtazame mtu huyo kwa jicho la mkopeshaji. Mshahara uliokuwa ukigombaniwa na wadai sasa umebaki mikononi mwake. Tena, tangu mageuzi ya 2005, aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 hawezi kufutiwa tena kwa njia hiyohiyo mpaka ipite miaka 8 tangu alipofungua kesi ya kwanza. Zamani ilikuwa 6. Kwa hiyo ukimkopesha leo akashindwa kulipa, unaweza kumshtaki, na katika majimbo mengi hata kuomba mshahara wake ukatwe, na mlango ule aliotokea mwanzo umefungwa. Majina nayo hayatafutwi kwa tochi: kesi za ufilisi ni kumbukumbu za wazi, na kuna wanaoyakusanya majina na kuyauza kwa wafanyabiashara.

Jambo la mwisho ni hofu. Mtu aliyetoka kufilisika anaamini hakuna mwingine atakayemkubali, basi anatia saini riba yoyote anayowekewa mbele. Hapa ndipo panaponiuma. Chukua gari la dola 12,000 linalolipwa kwa miaka 5. Kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, unalipa kama dola 238 kila mwezi. Kwa asilimia 20, unalipa kama 318. Muuzaji atakuonyesha hiyo tofauti ya dola 80 tu, na mtu anayehitaji kuwahi kazini kesho asubuhi ataiona ndogo. Ukijumlisha miezi yote 60, umetoa karibu dola 4,800 zaidi kwa gari lilelile. Mkopo mdogo wa kusubiria mshahara ni mbaya kuliko huo: ada ya dola 15 kwa kila 100 kwa majuma mawili inakaribia riba ya asilimia 400 kwa mwaka.

Njia ya kurudi ipo, na haina haja ya gari jipya. Kadi ya mkopo yenye amana ndiyo ninayoiona salama zaidi. Unaweka benki, tuseme, dola 200, nao wanakupa kadi yenye kikomo hichohicho. Weka juu yake bili moja tu, kama ya simu, na uilipe yote kila mwezi kabla ya tarehe. Katika alama za FICO, zinazopima jinsi mtu anavyoaminika kulipa madeni na zinazotumiwa na wakopeshaji wengi, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Hakikisha kwanza kwamba benki hiyo inapeleka taarifa zako kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Isipopeleka, nidhamu yako yote haitaonekana kwenye alama hizo.

Ndiyo maana chama, au mchezo kama Watanzania wanavyouita, kinasaidia nyumba lakini hakitengenezi rekodi. Hakuna anayekuuliza alama zako, na zamu yako ikifika unapata fedha za kodi ya nyumba bila riba. Mimi ningebaki nacho, kwa kiasi ambacho hakinifanyi nikope ili nichangie. Michango ya harusi na ada za wapwa huko nyumbani inahitaji kikomo kilichoandikwa kwenye bajeti ya mwezi, na shangazi aambiwe mapema kwa heshima kwamba mwaka huu mkono ni mfupi.

Na anayefikiria kufungua kesi asisahau jambo hili: sheria inataka utaje mali yote, popote ilipo duniani. Kiwanja cha Kitengela au shamba la Moshi linaingia kwenye orodha sawa na gari lililoegeshwa nje. Kuficha kwa makusudi ni jinai, na kunaweza kukukosesha ule msamaha wa madeni. Hata ndugu uliyemlipa deni lake ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi anaweza kufuatwa na msimamizi azirudishe fedha hizo.

Taarifa ya kufilisika kwa Sura ya 7 inaweza kukaa kwenye rekodi hadi miaka 10, lakini kukopa kwa masharti mazuri hakusubiri mpaka ifutike. Mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na FHA, idara ya serikali, kwa kawaida hufunguka miaka 2 baada ya madeni kufutwa. Ile inayofuata kanuni za Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, miaka 4. Kabla ya kuomba, chukua ripoti zako kutoka kwa zile kampuni tatu za rekodi, zinapatikana bure, na ukague kila deni lililofutwa. Salio linatakiwa kusomeka sifuri. Likionekana bado unadaiwa, ipelekee kampuni iliyotoa ripoti hiyo pingamizi pamoja na nakala ya amri ya mahakama. Kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza.