Obama Kabla ya Washington: Dhana Potofu Kuhusu Miaka Yake ya Illinois

Taja jina la Barack Obama popote kuanzia Kisumu hadi Dar es Salaam, kila mtu ana la kusema. Wengi huanzia Julai 2004, usiku ule wa hotuba ya Boston kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, kisha wanarukia Novemba 2008 alipochaguliwa rais. Kinachorukwa ni karibu miaka minane aliyokaa kwenye Seneti ya jimbo la Illinois, akisafiri kati ya Chicago na Springfield, makao makuu ya jimbo, safari ya kilomita zipatazo 320. Huko ndiko alikojifunza kuhesabu kura za wenzake, kukubaliana na wapinzani na kupitisha sheria. Kwa kuwa kipindi hicho husimuliwa kwa nadra, nafasi yake imejaa dhana zisizo sahihi. Nyingine zinampa sifa asizostahili, nyingine zinamnyima zile alizozitolea jasho.

"Alikuwa seneta kule Washington tangu 1997"

Hapana. Kila moja ya majimbo 50 ya Marekani lina bunge lake, linalotunga sheria za shule, polisi, hospitali na kodi za jimbo hilo. La Illinois lina Seneti ya wajumbe 59 na Baraza la Wawakilishi la wajumbe 118. Obama aliapishwa kuwa mmoja wa hao 59 Januari 1997, akawakilisha eneo la watu wapatao laki mbili, kutoka Hyde Park penye Chuo Kikuu cha Chicago hadi mitaa maskini ya kusini mwa jiji. Kazi yenyewe haikuwa ya mwaka mzima, hivyo aliendelea kufundisha sheria ya katiba chuoni hapo.

Kwenye Seneti ya Marekani aliingia Januari 2005. Tofauti hii ina uzito. Bunge la Marekani lilipopiga kura ya kuidhinisha vita vya Iraq, Oktoba 2002, Obama hakuwa na kura ya kupiga. Alivipinga vita hivyo kwenye mkutano wa hadhara mjini Chicago tarehe 2 Oktoba mwaka huo, na msimamo huo ni wa kweli, lakini aliutoa akiwa mjumbe wa bunge la jimbo. Hata alipopokewa kwa shangwe Kogelo, Agosti 2006, alikuwa hajatimiza miaka miwili Washington.

"Mwaka 1996 alishinda kwa kumbwaga kila mpinzani kwenye sanduku la kura"

Hii ndiyo dhana ninayotamani zaidi isahihishwe, kwa sababu ukweli wake una mengi ya kufundisha kuhusu uchaguzi.

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanasiasa aliyeheshimiwa sana upande wa kusini wa Chicago. Mwaka 1995 mbunge Mel Reynolds alilazimika kuacha kiti chake cha Washington baada ya kutiwa hatiani mahakamani, na Palmer alikuwa tayari ametangaza kukiwania. Alimuunga mkono kijana mwanasheria, Barack Obama, arithi kiti chake cha jimbo. Obama akatangaza nia Septemba 1995. Mchujo wa ndani ya chama kwa kiti cha Reynolds ulifanyika Novemba 28 na Jesse Jackson Mdogo akashinda. Palmer alikuja wa tatu.

Wafuasi wa Palmer wakaona hakuna sababu apoteze vyote viwili, wakamtaka arudi kutetea kiti chake. Obama alikataa kujitoa. Muda wa kurudisha fomu ulikuwa umekaribia, na kila mgombea alihitaji saini za wapiga kura waliosajiliwa katika eneo hilo, 757 kwa uchache. Kambi ya Palmer ilizikusanya kwa haraka na kupeleka zaidi ya 1,500. Obama na watu wake walikwenda kuzikagua moja moja: nani hajasajiliwa, nani anaishi nje ya mipaka, jina gani limeandikwa tu bila saini halali. Wakaweka pingamizi kwa Palmer na kwa wagombea wengine watatu. Saini halali za Palmer zikaonekana hazitoshi, naye akajitoa Januari 1996. Wale watatu nao waliondolewa.

Kwa hiyo kwenye mchujo wa chama cha Democratic, Machi 1996, Obama alipita bila kupingwa. Eneo hilo lilikuwa ngome ya chama hicho, na uchaguzi wa Novemba ukawa wa kukamilisha utaratibu: alipata takriban asilimia 82.

Je, alifanya vibaya? Sheria ilikuwa upande wake na saini zile kweli hazikutimia. Hata hivyo, mtu aliyejijengea jina kwa kuandikisha wapiga kura, aliyeongoza kampeni kubwa ya usajili Illinois mwaka 1992, aliingia bungeni kwa mlango uliowaacha wapiga kura bila mtu mwingine wa kumchagua kwenye mchujo. Nionavyo mimi, mambo hayo mawili yanapaswa kusimuliwa pamoja. Msomaji wa Tanzania au Kenya anayejua jinsi pingamizi za fomu zinavyoweza kumaliza uchaguzi kabla ya siku ya kura ataielewa hadithi hii bila kufafanuliwa.

Baadaye alitetea kiti mara mbili. Mwaka 1998 alipata karibu asilimia 89, na mwaka 2002 hakuwa na mpinzani.

"Hajawahi kushindwa uchaguzi"

Ameshindwa, tena vibaya. Mwaka 2000, akiwa bado seneta wa jimbo, alimkabili Bobby Rush kwenye mchujo wa kiti cha Bunge la Marekani. Rush alikuwa kiongozi wa zamani wa Black Panther, chama cha kutetea haki za weusi, huko Illinois, amekaa Washington tangu 1993, na wazee wa mitaa ile walimfahamu kwa jina na kwa sura. Obama alidhani amedhoofika, kwa sababu mwaka mmoja kabla Rush alikuwa ameshindwa umeya wa Chicago mbele ya Richard M. Daley.

Mambo yakaenda kinyume. Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush alipigwa risasi akafa, na mji ukaomboleza pamoja na baba yake. Mwishoni mwa Desemba Seneti ya jimbo iliitwa kupigia kura muswada wa kudhibiti silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia, binti yake akaugua, akabaki huko. Muswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti hayakumhurumia, na katika kampeni iliyogubikwa na kifo cha risasi, kukosekana kwake kulimgharimu sana. Rais Bill Clinton naye akamuunga mkono Rush. Wapinzani wa Obama wakamchora kama msomi wa Harvard aliyekuja kutoka nje, asiye mwenzao.

Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Zaidi ya mara mbili.

Miezi michache baadaye, kama alivyosimulia mwenyewe, alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari, na hakupata hata kibali cha kuingia ukumbini walikokaa wajumbe. Anayeamini kwamba Obama alipanda ngazi bila kuteleza azingatie kwamba mwaka 2000 alikuwa na madeni, ana mke aliyechoshwa na siasa, na kiti cha upande wa wachache huko Springfield.

Kiti hicho hakukipoteza, kwa kuwa muhula wake wa jimbo ulikuwa haujaisha. Kipo kipengele hiki kidogo ambacho watu hukisahau: alirudi kazini.

"Springfield hakufanya lolote"

Wanaosema hivi huangalia miaka sita ya kwanza, na hata huko hawaangalii vizuri. Kuanzia 1997 hadi 2002 Seneti ilishikwa na Republican, na mswada wa mjumbe wa upande wa wachache ulikuwa na nafasi ndogo mno ya kufika kwenye kura. Hata hivyo mwaka 1998 alikuwa mmoja wa waliosimamia sheria ya maadili iliyowabana wanasiasa kuhusu zawadi na matumizi ya fedha za kampeni. Hakuifanya peke yake. Alishirikiana na Republican, akiwemo Kirk Dillard, na wenzake wengi hawakuifurahia.

Kilichobadilisha kila kitu ni ramani. Baada ya sensa ya 2000 vyama vilishindwa kukubaliana mipaka mipya, na kwa sheria ya Illinois mgogoro huo huamuliwa kwa kuchomoa jina. Bahati ikawaangukia Democratic. Mipaka ikachorwa upya, Novemba 2002 chama kikatwaa Seneti, na Emil Jones, mwanasiasa mzoefu wa Chicago, akawa rais wa Seneti. Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na Jones akamkabidhi miswada mizito.

Mmoja ulihusu kurekodi kwa video au sauti mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji. Usuli wake ni wa kusikitisha. Illinois ilikuwa imewaondoa watu 13 kwenye orodha ya waliohukumiwa kifo baada ya kuonekana hawakustahili kuhukumiwa, na Januari 2000 gavana George Ryan, aliyekuwa wa chama cha Republican, alisimamisha adhabu ya kifo. Baadhi ya hukumu zilijengwa juu ya maungamo yaliyotolewa kwa mateso. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga muswada. Obama alikaa nao, akarekebisha vipengele, akarudi kukaa nao tena, hadi pingamizi zikaisha. Mwaka 2003 ulipitishwa na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Mwaka huohuo ikapita sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kama weusi wanasimamishwa kwa ubaguzi.

Wenzake kadhaa walinung'unika kwamba walikuwa wameihangaikia baadhi ya miswada hiyo kwa miaka, kisha Jones akampa Obama amalizie na kupata jina. Lalamiko hilo lina haki yake. Lakini kazi ya kuwaleta polisi mezani ni ya Obama, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora zaidi ya kipindi chote cha Illinois.

"Alikwepa kupiga kura mara 130"

Kampeni ya 2008 iliieneza sana hii. Illinois ina kura za aina tatu: ndiyo, hapana, na ya kutaja tu kwamba mjumbe yupo. Obama alipiga hii ya tatu karibu mara 130 kati ya kura zipatazo 4,000. Kinachoachwa ni kwamba muswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya viti 59, kwa hiyo "nipo" haiusaidii muswada hata kidogo. Matokeo yake ni sawa na hapana. Wajumbe huitumia kuonyesha kasoro ya kikatiba, au kwa mpango wa pamoja, kama wanaharakati wa afya ya uzazi walivyowaomba baadhi yao wafanye kwenye miswada ya utoaji mimba. Ni kweli pia kwamba humkinga mjumbe na matangazo ya kampeni ya wapinzani. Kuiita kukwepa kila mara ni kosa.

"Hotuba ya Boston ndiyo iliyompa useneta wa Marekani"

Tazama tarehe. Mchujo ulikuwa Machi 16, 2004, hotuba Julai 27. Kwenye mchujo huo wa wagombea saba Obama alipata karibu asilimia 53. Dan Hynes, mtoto wa familia kongwe ya siasa za Chicago, alipata takriban 24, na hapo pia inaporomoka dhana nyingine kwamba mtandao wa wakongwe wa jiji ndio uliombeba, maana wengi wao walikuwa na Hynes. Blair Hull, tajiri aliyemwaga dola milioni 29 hivi za mfukoni mwake, aliporomoka baada ya rekodi za talaka yake kuwekwa wazi. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa Juni kwa sababu kama hiyo. Republican wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland, na Novemba 2 Obama akashinda kwa asilimia 70 dhidi ya 27.

Alikuwa na bahati, na haina maana kuificha. Ila alipoalikwa Boston alikuwa tayari mgombea aliyeshinda mchujo mgumu, na mwaliko ulitokana na ushindi huo.

"Alipoondoka, wananchi walichagua mrithi wake"

Siku chache baada ya ushindi, Novemba 2004, alijiuzulu Seneti ya jimbo. Hapakuwa na uchaguzi mdogo. Kwa sheria ya Illinois, viongozi wa chama katika eneo husika ndio hujaza nafasi, na walimteua mwanasheria Kwame Raoul, aliyezaliwa Chicago kwa wazazi waliohamia kutoka Haiti. Raoul alikaa kwenye kiti hicho miaka 14, akatetea mara kadhaa, na mwaka 2018 akachaguliwa na jimbo zima kuwa mwanasheria mkuu wa Illinois.