Je, vichekesho vya zamani vilikuwa bora kuliko vya leo?

Wengi Uganda, kuanzia Kampala hadi Mbale, wanaamini wachekeshaji wa zamani waliwazidi wa leo. Imani hiyo ina msingi: kazi za zamani tunazozijua ni nzuri kweli. Ila ni chache zilizobaki. Televisheni ilianza nchini mwaka 1963, enzi ambayo kanda zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilifuta kipindi ili kurekodi kingine juu yake. Michezo mingi ya jukwaani haikurekodiwa kabisa. Iliyodorora ikasahaulika. Ya leo, mizuri na mibovu, inafika kwenye simu siku hiyohiyo.

Ukitaka kupima, usilinganishe kipande cha dakika 2 na onyesho zima. Chukua dakika 30 mfululizo za kila upande, kazi ambazo hujawahi kuziona, mzitazame watu walewale, kwani anayetazama peke yake hucheka mara chache. Wekeni alama kila mnapocheka. Mizaha ya siasa au ya bei za sokoni iacheni kando: habari yake ikisahaulika, hata mzaha uliosukwa vizuri haueleweki. Na kichekesho cha utotoni kisiingie, maana tayari unakipenda.